Upatu wa Saa

(Mhadhara kwa wazazi, walimu na wauguzi, Tanga)



Kabla sijaanza, naomba nitoe kitu kwenye mkoba. Walioko nyuma pengine hamuoni vizuri: ni kanga, tena kipande kimoja, mwenzake alishachanika zamani. Jina lake limefutika kwa kufuliwa, hata mke wangu mwenyewe hakumbuki lilisemaje. Lakini tazameni kona hii. Imesokotwa hadi ikawa kamba. Kwa miaka sita mke wangu alilala kona hii ikiwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono wake, na kona ya pili kwenye kifundo cha mguu wa mwanetu. Mtoto akiamka saa nane usiku, na alikuwa akiamka karibu kila usiku, kanga inavutika na mama anaamka kabla hajafika mlangoni. Komeo tulikuwa nalo. Alijifunza kulifungua akiwa na miaka minne. Nyumba yetu iko Ngamiani, na kutoka kizingitini hadi barabara ya magari ni hatua ishirini.

Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili. Hilo nitalirudia.

Nimeombwa nizungumze juu ya usonji. Niliwajibu walionialika kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, si daktari, na humu ukumbini wapo wanaoujua usonji kuliko mimi. Ila juu ya mlezi aliyelala upande huu wa kanga sijapata kusikia mhadhara hata mmoja. Nimekuja kwa ajili yake.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba mtoto 1 hivi katika kila 100 ana usonji. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Mwalimu wa hesabu hawezi kuona namba mbili akaacha kugawanya, na jibu linapita laki sita. Ni makadirio ya ubaoni tu, lakini hata ukiyakata nusu bado umebaki na mji mkubwa. Na hapo sijawagusa watoto wasioweza kutulia kitini dakika mbili, wala wanaohangaika na herufi miaka nenda miaka rudi ilhali akili zao ni kali kama wembe. Siku hizi wapo wanaowahesabu wote katika kundi moja, watoto ambao ubongo wao umepangika kwa namna yake. Mmoja wa walioleta wazo hilo ni Judy Singer wa Australia, katika tasnifu yake ya mwaka 1998, na alikuwa mama anayelea binti mwenye usonji. Nalitaja hilo kwa makusudi. Mengi tunayoyajua kuhusu watoto hawa yametoka kwa wazazi waliochoka kusubiri.

Sasa, nini kinamchosha mzazi? Ukiniuliza haraka nitasema mtoto. Halali. Hali wali uliogusana na mchuzi. Ukisogeza kiti kutoka mahali pake anapiga kelele hadi jirani wanatoka nje. Kweli yanachosha. Lakini juzi, nikiandaa maneno haya, nilimuuliza mke wangu. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema: "Mimi kilichonichosha ni kueleza."

Kumweleza kondakta. Kumweleza mwenye nyumba. Kuwaeleza shangazi zangu, ambao wakielezwa huitikia vizuri sana, halafu wiki inayofuata wanauliza upya. Kumweleza mwalimu mpya kila Januari.

Na lugha yetu, niseme ukweli, haijamsaidia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni methali nzuri na mimi nimelelewa nazo. Ila zikimkuta mtoto asiyefundishika kwa njia tuliyoizoea, zinamrukia mama. Na sikilizeni vizuri: ya pili imesema mamaye, baba hakutajwa. Siku moja, ndani ya daladala ya Raskazone, mwanetu alijitupa sakafuni kwa sababu dereva alikata kona ambayo mtoto hakuizoea. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, kofia safi, aliitamka methali hiyo ya pili taratibu, bila ukali, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Mke wangu alishuka kituo kilichofuata, akatembea juani hadi nyumbani na mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka saba. Hakupanda tena daladala mwaka mzima.

Msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu, na kwa maandishi hayo usonji ukaingia katika vitabu vya udaktari kama hali inayosimama peke yake. Lakini aliwatazama pia wazazi wao, akawaona ni watu wasio na joto. Neno hilo likakua kama uvumi wa sokoni. Kufika miaka ya 1950 na 1960 wapo mabingwa waliokuwa wakisema mama ndiye aliyemgandisha mtoto, kana kwamba ni jokofu. Bruno Bettelheim wa Chicago alilitetea wazo hilo katika kitabu kizima mwaka 1967. Na hoja ilikuwa imeshavunjwa miaka mitatu nyuma, katika kitabu cha Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye, mtakisia, alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1977 uchunguzi wa jozi 21 za pacha huko Uingereza ulionyesha jinsi urithi wa damu unavyobeba sehemu kubwa ya jambo hili. Kanner mwenyewe, mwaka 1969, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangazia kwamba anawaondolea lawama.

Toeni wenyewe: 1969 kutoa 1943. Mama wa mmoja wa watoto wale alisubiri miaka 26 kuambiwa kwamba hakumgandisha mwanawe.

Lawama ikifukuzwa mlangoni huingia dirishani. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alichapisha makala yenye watoto 12, akaifanya chanjo ionekane ndiyo mkosaji. Jarida la Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010, lakini hadi leo yupo mama anayekumbuka siku ya sindano ya surua na kujiuliza.

Huku kwetu pwani lawama ina sura zake. Watafiti Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao waliwahoji wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya kuhusu kinacholeta usonji, na majibu waliyopata hata hapa Tanga mngeyatabiri: mashetani, uchawi, laana, na papo hapo magonjwa ya utotoni na shida wakati wa kujifungua. Mtu mmoja anabeba yote mawili, hospitali asubuhi, mganga jioni. Siwacheki. Sisi tulinywesha kombe, tukachinja kuku wa rangi tuliyoagizwa, tukavuka mto kwenda kwa mtu wa tatu aliyesifiwa na mtu wa pili. Fedha zile hazikurudi. Lakini nimtendee haki mganga mmoja, mzee wa makamo mwenye kikohozi. Alipomaliza mambo yake alimgeukia mke wangu akamuuliza: "Na wewe mama, unalala?"

Mke wangu alilia pale pale mkekani. Alikuwa amezunguka kliniki kwa miaka mitatu, na swali hilo hakuwahi kuulizwa. Kadi ya kliniki ninayo nyumbani. Ina mahali pa uzito wa mtoto, chanjo za mtoto, tarehe ya kurudi. Mama ameandikwa jina tu.

Wauguzi mliomo humu, hili halihitaji bajeti. Zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji wana shida ya usingizi, na mtoto asipolala kuna mtu mzima ambaye naye hajalala. Muulizeni analala kwa saa ngapi. Akisema tatu, msimpe pole mkaita jina la anayefuata. Ulizeni na la pili: kama kuna usiku huwa anatamani asubuhi isifike. Nimeshaambiwa hivyo na mama mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mkaa umekwisha. Ile ilikuwa sonona, alitakiwa kutibiwa siku ile ile, na watu wote waliomzunguka tulikuwa tukimsifu kwa uvumilivu.

Uvumilivu huo umepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikusanya mate ya akina mama wenye vijana na watu wazima wenye usonji, wakapima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa ili kukabiliana na mshtuko. Wengi wangetarajia kuikuta imepanda. Waliikuta chini kuliko ya akina mama wengine, mchana kutwa. Kwa mpishi hili si la ajabu: moto uliochochewa miaka kumi na tano bila kupumzika hauwaki tena kwa nguvu, umebaki majivu yenye joto. Kundi hilo la watafiti liliona pia kwamba akina mama hao walitumia walau saa mbili zaidi kila siku katika kumhudumia mwana, na hapo wana wenyewe walikuwa wamekwisha kukua.

Saa mbili kila siku. Mimi namba hiyo ndiyo iliyonishika, kwa sababu saa zangu nazijua zilikokwenda.

Nilisema nitalirudia suala la chumba cha pili. Nililala huko kwa sababu "kesho nina vipindi". Kila aliyesikia sababu hiyo aliiheshimu, hata mama mkwe wangu. Na jioni, baada ya magharibi, nilitoka kwenda barazani kucheza bao hadi saa nne. Wenzangu walinipenda. Walikuwa wakisema mwalimu ana moyo, mtihani kama ule nyumbani na bado anacheka. Saa tatu kila usiku, siku 365, miaka sita: fanyeni hesabu, zinapita 6,500. Sikumpiga mtu, sikumwacha mke, sikuoa wa pili. Nilikuwa baba mwema kwa kipimo cha mtaa. Wapo wanaoondoka na sanduku, na hao tunawasema. Wanaoondoka kwa bao hatuwasemi.

Usiku mmoja nilirudi nikasukuma mlango, haukwenda. Nikadhani komeo. Nikachungulia dirishani. Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, amelala fofofo, kanga mkononi. Mtoto alikuwa macho, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja ulionyooka kuliko mistari yangu ya ubaoni. Komeo lilikuwa limevunjika siku ile. Komeo alikuwa yeye.

Sikubadilika usiku ule, msiniandikie hadithi. Nilianza Jumamosi moja tu, kwa kumpakia kijana nyuma ya baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, mnajua. Tukaenda hadi Raskazone, baharini. Njia nzima aliegemeza paji la uso mgongoni kwangu na hakupiga kelele hata mara moja. Nilimjua mwanangu siku ile akiwa na miaka kumi. Kurudi, mama yake alikuwa bado amelala, na chungu kimeungua.

Lililofuata si wazo langu, ni la akina mama watano waliozoeana kwenye benchi la kliniki. Wote walikuwa kwenye upatu wa fedha, kama wanawake wengi mjini hapa. Mmoja wao, muuza mihogo, ndiye aliyesema: "Fedha tunachangiana. Kwa nini tusichangiane saa?" Ikawa hivyo. Kila Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi saa saba, watoto wao wanakusanywa nyumba moja. Akina mama wanne wanabaki nao. Wa tano anapokea upatu wake, yaani saa nne ambazo hadaiwi na mtu yeyote.

Masharti yalikuwa machache. Watu wazima wasipungue wawili wakati wowote, na hili tuliliwekea mkazo kwa ajili ya mabinti, nadhani mnanielewa. Asiulizwe mtu alikwenda wapi. Asitolewe ushauri usioombwa, hasa wa dawa.

Wa kwanza kupokea alikuwa mama wa pacha. Alitoka saa tatu na dakika tano. Saa tatu na nusu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na pochi yake. Wakamuuliza, umesahau nini? Akasema: "Sikujua niende wapi."

Nimemfikiria sana mama huyo. Miaka minane hakuwa na nusu saa yake mwenyewe, na alipopewa hakujua inatumiwaje. Wenzake walimtoa tena, mmoja akamsindikiza hadi kwa dada yake Makorora, akamwacha huko. Mara ya pili alikwenda mwenyewe. Mara ya tatu alichelewa kurudi, na watu wakafurahi.

Upatu huo umewahi kuyumba, sitaki mtoke hapa mkidhani ni dawa. Mtoto mmoja alimng'ata mwenzake hadi damu, akina mama wawili hawakusemeshana miezi miwili. Mume mmoja alikataa, akasema mke wake anakwenda kuzurura. Mimi na baba mwingine mmoja tulipoomba kuingia tulitazamwa kwa mashaka, na haki yao. Tuliwekwa kwenye kuosha vyombo na kulinda geti kwanza. Kuna Jumamosi hakuna aliyeweza. Lakini hesabu ilikuwa wazi: mtu aliyekuwa hana kitu akawa na saa nne kila baada ya wiki tano. Kwa mwaka ni saa arobaini na kidogo. Ni kidogo mno, na yule muuza mihogo anasema ndizo zilizomwacha na akili yake.

Hapo ndipo nataka viongozi wasinielewe vibaya. Upatu wetu haulipi deni la serikali. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu hao. Zipo shule zenye vitengo vya watoto wenye usonji, Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ikiwa moja inayotajwa sana. Lakini mzazi wa wilayani akitaka kitengo inabidi ahame, na akihama anaacha mashamba, mama yake na ule upatu. KCMC, kule Moshi, wanafundishwa matabibu wa tiba kwa vitendo. Wa kumsaidia mtoto kuzungumza, nchi nzima, bado ni wa kuhesabika. Majirani zetu Kenya wana ruzuku ya shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni fedha ndogo, lakini serikali imekubali kwamba kuna anayelea na kwamba kulea ni kazi.

Na Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa: vipindi tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani. Yamejaribiwa hata Kenya na Ethiopia. Ninachokipenda ni kwamba mwendeshaji hahitaji kuwa bingwa. Muuguzi au mwalimu aliyefunzwa anatosha. Na ndani yake mlezi mwenyewe amekumbukwa, afya yake ni sehemu ya somo. Walimu na wauguzi mko humu, ukumbi ni huu. Sioni kinachokosekana zaidi ya barua kuandikwa.

Nina jambo moja la kuwaambia wazazi wenzangu, na ni gumu kidogo. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo ilinifariji miaka mingi, niliitumia kila nilipoona watu hawaelewi. Nimeacha kuitumia mbele ya mwanangu. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mtu mzima mwenye usonji, aliwahutubia wazazi mjini Toronto, Kanada, akawaambia kwamba mtoto wanayemlilia ni yule waliyemtarajia akakosekana, ilhali aliye hai yuko mbele yao na anawasubiri. Nilipoyasoma maneno hayo nilikasirika. Niliona hajui usiku wetu. Kisha nikakumbuka mara ngapi nimesema "mzigo" sebuleni, na kijana yuko pale pale kwenye vizibo vyake, hageuzi uso. Leo ana miaka 22. Maneno anayotamka hayafiki hamsini, lakini mwaka jana mgeni mmoja alitupa pole kwa mzigo tulionao, na kijana akaondoka akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi. Anasikia. Amesikia siku zote.

Tukichoka, tuseme tumechoka. Ila tuseme tumechoka na nini. Na kukosa usingizi, na kueleza, na foleni, na baba aliye barazani.

Swali mnalotaka kuniuliza nalijua, maana hata mimi huniamsha saa tisa usiku: sisi tukifa, nani? Sina jibu. Ndugu zake wawili wameahidi, na mimi najua ahadi ya ndugu akiwa hajaoa. Nimeanza kumfundisha mmoja wao ile njia ya baiskeli, kona kwa kona, kwa sababu haitakiwi kubadilika.

Saa yangu inasema sita na dakika kumi. Zamu yangu inaanza saa nane, na kijana anazijua saa kuliko mimi. Nikichelewa dakika tano atakuwa amesimama mlangoni. Mama yake amesema leo atalala hadi alasiri. Kwa hiyo maswali, ndugu zangu, naomba yawe mafupi.